Kiwanja cha gofu bila katapila: anza na maji ya masika

Kama una shamba Kigamboni, Kisarawe au kokote pembezoni mwa Dar es Salaam, na umeamua kuweka mashimo machache ya gofu, nakuomba jambo moja kabla hujampigia simu mwenye katapila: ngoja mvua. Sisemi manyunyu ya Januari. Ngoja masika yenyewe, siku ile daladala zinapokatisha ruti na watu wanavuka barabara wameshika viatu mkononi. Vaa mabuti ya mpira, beba vigingi na vitambaa, nenda shambani. Saa mbili za siku hiyo zitakufundisha ardhi yako kuliko ramani utakayoikodolea macho mwezi mzima.

Mimi gofu niliianza begani. Nilikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, klabu ya Gymkhana, pale mjini jirani na Bustani ya Mimea, upepo wa bahari ukitupiga usoni kuanzia asubuhi. Mtu aliyebeba mkoba mzito wa fimbo mashimo 18 anaijua kila nundu ya uwanja kwa magoti yake. Anajua wapi mpira huteleza wenyewe hata ukipigwa vibaya, wapi hukwama, na wapi mchezaji hodari husimama dakika nzima akifikiri. Baadaye nilisomea upimaji wa ardhi, nikapima viwanja vya makazi miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kuchora na kutunza viwanja vidogo vya watu binafsi. Ninachokieleza hapa ndicho ninachokifanya.

Kuchora kwa kugusa ardhi kidogo si jambo jipya. Uwanja wa zamani wa St Andrews, Scotland, hakuna aliyekaa mezani akauchora. Ni nyika ya mchanga kati ya bahari na mashamba, ambako kondoo walikula nyasi na kujibanza mashimoni kukwepa upepo, na watu wakacheza kufuata mabonde yalivyokaa. Kwenye gofu shimo ni safari nzima, kutoka tii, pale unapopiga mpira wa kwanza, hadi grini, eneo la nyasi fupi lenye kitobo cha kuingiza mpira. Mwaka 1764 walipunguza mashimo kutoka 22 hadi 18, na dunia nzima ikaifuata hesabu hiyo. Mpaka leo grini saba za pale zinatumiwa na mashimo mawili kila moja, moja la kwenda na moja la kurudi, kwa sababu ndivyo watu walivyopita tangu zamani. Huwa nakumbuka habari hiyo kila ninapoambiwa kwamba shamba haliwezi kuwa uwanja mpaka lisawazishwe.

Siku ya mvua

Shamba nitakalolitolea mfano liko Kimbiji, eka 30 za mikorosho na minazi iliyozeeka, mali ya mzee mmoja mstaafu aliyetaka mashimo sita ya kuchezea yeye, wajukuu na marafiki zake. Alikuwa ameshapewa bei ya kusawazisha eneo lote. Nikamwambia, "Mzee, nipe masika moja tu." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye fundi. Lakini usinimalizie miezi yangu."

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta shambani saa moja asubuhi. Kazi yenyewe ni hii: kila unapoona maji yanatembea, chomeka kigingi chenye kitambaa chekundu; kila yanaposimama, chomeka cheupe; na kila unapoweza kusimama soli zisizame, pita bila kuweka kitu. Mke wa mzee alinipa kanga mbili zilizochakaa, nikazichana vipande. Picha za simu zina faida yake, lakini picha haikuonyeshi maji yanaelekea wapi. Chukua jani kavu la mkorosho, liache juu ya maji, ulifuate. Mimi nilifuata jani moja kutoka kwenye mizizi ya mwembe mkubwa hadi karibu na mpaka wa kusini, hatua 140. Njiani lilipinda mara tatu, mahali ambapo kiangazi ningekuapia kwamba ni tambarare tupu. Kona ya pili ya jani lile ndiyo leo inayolinda mbele ya grini ya shimo la tatu. Hatukuchimba hata karai moja pale. Mchezaji akipiga fupi, mpira wake unashuka taratibu kushoto, kama maji yalivyoshuka.

Rudi kesho yake jua likiwaka, kisha rudi siku ya tatu. Ardhi yetu ya pwani kwa sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga hunywa maji upesi. Lakini mabondeni kuna udongo mweusi mzito, ule unaopasuka kiangazi hadi ukaweza kuingiza vidole. Penye kitambaa cheupe ambapo siku ya tatu bado unakanyaga maji, pasahau kwa grini na kwa tii. Paache na nyasi zake ndefu na vyura wake. Hapo umepata kizuizi cha mchezo, na umepata mahali pa kupumzikia maji ya mashimo mengine yote.

Kisha uliza wenyeji. Jirani na shamba hili anaishi bibi mmoja wa Kizaramo, nikaenda kumwamkia. Baada ya "marahaba, mjukuu wangu" akasimama mlangoni, akatazama vigingi vyangu, akasema: "Hayo ni maji ya juzi. Njia ya maji yenyewe ni kule, yalikopita mwaka wa El Niño." Akaelekeza kwa kidevu kwenye mstari wa mikindu niliokuwa nimeupita mara kumi bila kuutilia maanani. Mikindu hupenda palipo na maji, na mstari ule ulikuwa umenyooka kupita katikati ya mahali nilipopanga kuweka grini ya shimo la pili. Mvua zile za mwaka 1997 na 1998 kila mkaazi mkubwa wa pwani hii anazikumbuka. Nikahamisha grini. Mikindu tumeiacha, na bibi bado anakata ukindu wa mikeka yake palepale. Hilo nalo liweke kwenye mchoro wako: nani alikuwa anapita hapa, anachuma nini, na atapita wapi ukishafungua uwanja.

Tafuta grini kwanza

Wengi huanza na tii: wanasimama penye mwinuko mzuri, wanatazama mbele, wanasema shimo litakuwa huku. Mimi nakushauri uanzie mwisho. Grini ndiyo inayodai mengi kutoka kwa ardhi, maana inataka mteremko wa kiasi, maji yatoke, hewa ipite, na mpira uonekane unavyotua. Tii ni kajukwaa tu ka kusimama, unaweza kukapata popote. Kwa hiyo tembea ukitafuta mahali pa grini peke yake, na usijali bado zitaunganishwaje.

Unatafuta maumbo manne matano hivi. Kuna kibao cha ubavuni, pale mteremko unapopumzika kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Kuna ncha ya mgongo wa ardhi. Kuna shingo kati ya vinundu viwili. Kuna bakuli lenye mdomo, yaani bonde dogo lililofunguka upande mmoja. Bakuli lisilo na mdomo huvutia sana Septemba, na Aprili utalikuta limekuwa bwawa.

Weka akiba kubwa. Wamarekani wawili, Bill Coore na Ben Crenshaw, walipopewa vilima vya mchanga vya Nebraska kuchora uwanja wa Sand Hills, waliokuja kuufungua mwaka 1995, walitembea mpaka wakawa na mashimo zaidi ya 130 yanayowezekana. Ndipo wakachagua 18. Mimi Kimbiji nilipata mahali 17 pa grini na nilihitaji sita. Ukipata sita tu kwa kuhitaji sita, bado hujatembea vya kutosha.

Sasa kupima. Huna haja ya mashine ya bei kubwa. Tumia kile mafundi ujenzi wanachotumia kupata levo ya msingi wa nyumba: bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, la mita 15, lililojazwa maji. Hakikisha halina mapovu, maana povu moja litakudanganya. Funga kila ncha kwenye kijiti chenye alama za sentimita. Msaidizi wako anasimama ukingo wa juu wa grini, wewe ukingo wa chini. Subirini maji yatulie, kila mmoja asome namba yake, mtoe ndogo kwenye kubwa. Kama mko umbali wa mita 12 na tofauti ni sentimita 24, mteremko ni 2 kwa 100, na huo ni mzuri sana. Mahali utakapochimba shimo lenyewe, mduara wa hatua tatu kulizunguka, mteremko usizidi 3 kwa 100, la sivyo mpira hautakaa. Kwingineko kwenye grini unaweza kuacha mpaka 5, hasa kama nyasi zako si za kukatwa fupi kama kapeti. Fanya hivyo kwa mistari mitano au sita kupita kila mahali ulipopachagua, uandike namba kwenye daftari. Nisaidie kuwasisitizia vijana wako: namba iandikwe palepale. Nimeona siku nzima ya kazi ikipotea kwa sababu mtu alisema atakumbuka.

Baada ya namba, leta ndoo. Mwaga lita 20 taratibu kwenye ukingo wa juu, ukae chini, kabisa chini, jicho karibu na nyasi, utazame ulimi wa maji unavyokwenda. Utagawanyika, utazunguka kinundu ambacho hukukiona, utasita, utachagua upande. Grini ya kwanza ya Kimbiji ulimi ulipasuka mara mbili karibu na mzizi wa mkorosho na ukaenda pande mbili tofauti. Hapo nilijua nina grini yenye sehemu mbili, ya kulia na ya kushoto, na mgongo mwembamba katikati, na kwamba kazi yangu iliyobaki ni kutoligusa eneo hilo. Ukubwa nilioutumia ni kama mita 20 kwa 18. Kwa uwanja wa nyumbani inatosha, na kila mita unayoongeza utaimwagilia na kuikata maisha yako yote.

Kuunganisha mashimo

Ukiwa na grini zako kwenye karatasi, sasa zitafutie njia. Kutoka grini hii, mtu atembee hatua 30 au 40 akute tii inayofuata. Akitembea 150, kuna kosa. Kila shimo hupewa hesabu ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kulimaliza nayo; usilazimishe mpangilio wa mikwaju mitatu, minne, mitano kwa zamu. Pacific Dunes, kule Oregon, uwanja uliochorwa na Tom Doak na kufunguliwa mwaka 2001, shimo la 10 na la 11 yote ni ya mikwaju mitatu, na nusu ile ya pili ina mashimo manne ya namna hiyo, kwa sababu ardhi ndivyo ilivyompa. Alister MacKenzie alishafanya hivyo California mwaka 1928: Cypress Point shimo la 15 na la 16 ni ya mikwaju mitatu mfululizo, na ni kati ya mashimo yanayosifiwa kuliko yote duniani. Kimbiji tuna manne ya mikwaju mitatu na mawili ya minne. Mzee aliniuliza kama watu hawatamcheka. Nikamwambia kwamba tukilazimisha la mikwaju mitano itabidi tukate mikorosho 11 na kuziba njia ya maji. Hakuuliza tena.

Upepo kwetu ni mtu wa pili kwenye timu ya uchoraji. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na kaskazi inatoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Katikati kuna maleleji, pepo zisizotulia. Maana yake ni kwamba shimo linaloelekea kusini mashariki ni refu kwelikweli Julai na ni jepesi Januari. Wengine hutibu hali hiyo kwa kujenga matuta na jukwaa la tii. Mimi huweka tii mbili kwenye usawa wa ardhi, moja nyuma ya nyingine kama mita 30, na mwenye uwanja anachagua kulingana na msimu. Hakikisha pia mashimo yako hayaelekei upande mmoja wote. Nilifunga vitambaa juu ya minazi mitatu nikaviangalia kuanzia Mei hadi Februari, ila kama unaishi karibu na wavuvi waulize tu, watakueleza kwa saa na kwa mwezi.

Jua nalo: shimo la kwanza lisitazame mashariki, maana watu huanza asubuhi, na la mwisho lisitazame magharibi. Mstari wa katikati wa shimo moja uwe mbali na wa jirani yake mita 60 hivi, na mpaka wa shamba uupe mita 45 mpaka 60. Mpira wa anayeanza, kama anatumia mkono wa kulia, hukata kwenda kulia. Kwa hiyo nyumba, barabara na njia ya shule zibaki upande wa kushoto wa shimo ukiweza. Hili usilifanyie mzaha, mpira wa gofu unaua.

Pale nilipokosea

Miaka kadhaa kabla ya Kimbiji nilipewa kazi upande mwingine wa jiji, kwenye mteremko wa mchanga mwekundu. Mwenye shamba alikuwa na haraka, na kampuni iliyokuwa na katapila ilikuwa jirani. Nilikubali wapunguze mgongo mmoja wa ardhi, mita moja tu, ili grini ionekane kutoka kwenye tii. Sikusimamia siku ya kwanza. Nilipofika, udongo wa juu, ule mweusi mweusi wenye mizizi na mbolea ya miaka yote ya majani, ulikuwa umefukiwa chini, na ule wa chini usio na uhai ndio umekaa juu, umeshindiliwa na minyororo ya mashine mpaka jembe linaruka. Tulipanda nyasi. Zilishika kwa madoa. Masika ilipokuja, maji yaliyokuwa yanatambaa kwenye mgongo ule yakakosa pa kutambaa, yakakusanyika, yakachimba korongo la kina cha goti kupita katikati ya feawei, ile njia ya nyasi kati ya tii na grini. Tulitumia msimu mzima kuliziba kwa magunia ya mchanga na vetiva, nyasi za kushika udongo, na mgongo wa ardhi haurudishwi. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyesema sawa.

Ndiyo maana leo, hata pale ninapolazimika kuchimba, kwa mfano kupanua kibao cha ubavuni kwa mita mbili, nafanya kwa majembe. Tunakwangua sentimita 15 za juu, tunaziweka kwenye turubai kivulini, tunarekebisha udongo wa chini, kisha tunazirudisha juu zilivyokuwa. Vijana watano wanamaliza sehemu kama hiyo kwa siku tatu au nne. Kimbiji grini mbili ndizo zilizohitaji kazi hiyo, nne hazikuguswa.

Banka na miti

Banka, yaani mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji, usizichimbe mwanzoni kabisa. Tembea uone kama hazipo tayari. Pembezoni mwa Dar mashamba mengi yana mashimo ya mchanga uliochimbwa kwa ajili ya ujenzi, na chini ya miti kuna vibonde vya mbuzi wanaolala mchana. Vibonde hivyo vimekaa kama vile kondoo wa St Andrews walivyoacha vyao, kingo zimevunjika, hazina umbo la sahani. Shimo la nne la Kimbiji lina banka moja tu, na lilikuwa shimo la mchanga wa kujengea nyumba ya mzee. Tulichofanya ni kulainisha upande mmoja ili mchezaji aweze kutoka, na kuhakikisha maji ya juu hayaingii.

Mikorosho inua matawi ya chini mpaka kimo cha mtu mwenye fimbo, basi. Mkorosho mmoja katikati ya feawei unamlazimisha mtu achague kulia au kushoto, na kivuli chake mnapumzika. Msimu wa korosho waache wenye kuokota waokote. Minazi ni mizuri kwa kuonyesha upepo, ila usiweke benchi wala tii chini ya mnazi unaozaa.

Ukoka ni wetu

Kwenye nyasi nina neno la moyoni. Watu wananijia wakitaka nyasi za kuagiza nje, wakati ukoka unawaota uani. Ukoka huu huu, Cynodon dactylon kwa jina la kitaalamu, ndio mzazi mmoja wa nyasi zilizojaa kwenye viwanja vya gofu vya nchi za joto. Watafiti wa Tifton, Georgia, Marekani, waliuchanganya na ndugu yake kutoka Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis, wakapata aina ya Tifgreen mwaka 1956, na baadaye, mwaka 1965, ikatoka Tifdwarf. Majani ya Afrika yakazunguka dunia na kurudi kwetu kwenye makontena.

Kwa mashimo ya nyumbani, tembea shambani mwako Januari, palipo pakavu kabisa, utafute bonge la ukoka lenye majani membamba na vifundo vilivyokaribiana. Likibaki kijani pale, ndilo unalolitaka. Ling'oe na mizizi, katakata vipande vyenye vifundo vitatu vitatu, panda wiki ya kwanza ya mvua za masika kwenye mifereji ya kina cha vidole viwili, umbali wa shibiri moja, acha ncha nje, kanyagia. Ukiwahi mvua, baada ya miezi mitatu utakuwa umefunga. Nje ya grini usipande kitu. Kata tu yaliyopo, kwa wiki chache utaona ukoka unapanda wenyewe na magugu marefu yanakufa, kwa sababu ukoka huvumilia kukatwa na wenzake hawavumilii. Kama kisima chako kina chumvi, jambo la kawaida karibu na ufukwe, tafuta paspalamu ya pwani, ile inayoota yenyewe pembeni ya maji ya bahari. Hiyo inastahimili chumvi ambayo ukoka utaikataa.

Kwenye viwanja vya zamani vya Afrika, palipokuwa na shida ya maji, waliweka brauni, yaani grini za mchanga uliochanganywa na oili. Mchanga mtupu uliopigwa reki bado ni chaguo zuri ukikosa maji. Oili usiimwage. Chini ya mchanga wako kuna kisima cha mtu.

Kuhusu ruhusa, nenda mapema ofisi ya ardhi ya manispaa yako kuuliza matumizi ya eneo, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu tathmini ya mazingira. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto. Pima mita hizo kabla hujaupenda mwonekano wa pale.

Cheza kabla hujajenga

Hatua hii wengi huiruka. Kabla hujapanda hata kipande kimoja cha ukoka kwenye grini, fyeka miduara pale ulipozichagua, chomeka miti ya mianzi yenye vitambaa, na uchimbe mashimo. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Bomba la plastiki la maji taka la milimita 110, lililopo kila duka la vifaa vya ujenzi, linakaribia kabisa. Kata vipande vya shibiri moja, zamisha. Cheza hivyo hivyo kwenye nyasi chakavu, kusi ikivuma na kaskazi ikivuma. Mwite mtu ambaye hajawahi kushika fimbo, mwite na anayejua sana, uwaache wacheze bila kuwaelekeza. Tazama miguu yao inakwenda wapi wakimaliza shimo. Hapo ndipo pa kupitisha njia.

Shimo la tano tulilihamisha mara mbili. Mara ya kwanza mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka tisa, alikaa chini ya mwembe akasema hapa napaona shimo lote, nikaenda kukaa pale nikaona ana haki, tii ikahamia hapo. Mara ya pili ilikuwa Julai, mipira minne mfululizo ilipulizwa na kusi ikaishia kwenye mikindu, nikaisogeza grini hatua 12 kuelekea kulia, kwenye kibao nilichokuwa nimekiweka akiba namba 14. Kuhama kote huko kulitugharimu asubuhi moja, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kubomoa.

Ukoka wa grini tulipanda masika iliyofuata. Vigingi vya kanga bado ninavyo kwenye gunia, vyekundu na vyeupe, na mwezi wa tatu nitavirudisha palepale nione kama maji bado yanapita njia ileile.